Dondoo zako zikae wapi, Mwalimu?

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, anayefundisha sekondari huko Arua, Uganda, ameniletea swali hili:

"Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu Kiswahili cha kambini na cha sokoni hapa West Nile. Nina madaftari sita, picha chungu nzima za kurasa za vitabu, na mamia ya ujumbe niliojitumia mwenyewe kwa WhatsApp. Nikitafuta jambo silioni. Kompyuta yangu ni ya mtumba, RAM gigabaiti 4, na simu ni ya Android. Mwenzangu wa chuo anasifu Notion, mdogo wangu aliyesomea kompyuta anasema Obsidian, na mimi zamani nilikuwa na Evernote. Nataka kitu kitakachonisaidia kuunganisha mambo, siyo kuyarundika tu. Nichague ipi, nisije nikahama tena baada ya mwaka?"

Mwalimu, jibu kwanza, maelezo baadaye. Kati ya programu hizo tatu za kuandikia dondoo, chukua Obsidian, iweke kwenye kompyuta, iache kama ilivyo bila mapambo, na madaftari yako usiyatupe. Mdogo wako amesema kweli, ingawa nadhani sababu zake na zangu ni mbalimbali.

Vijana wa kompyuta huipenda Obsidian kwa kuwa unaweza kuichezea kila kona. Mimi naipenda kwa sababu moja ya kizee: dondoo zako zinakuwa faili za kawaida ndani ya folda ya kawaida kwenye diski yako mwenyewe. Kila dondoo ni faili moja ya maandishi matupu yenye alama chache za Markdown, mtindo ulioanzishwa na John Gruber mwaka 2004. Nyota mbili kila upande hukoleza neno, alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari huufanya kichwa cha habari, na yaliyobaki utayajua njiani. Ukiifungua faili hiyo kwa Notepad, inasomeka. Ukiipeleka kwenye simu ya jirani, inasomeka. Obsidian ikifa kesho, na inaweza kufa kwa maana ni kampuni ndogo na programu yenyewe si huria, yaani msimbo wake haukuwekwa wazi kwa wote, utakuwa umepoteza miwani tu. Kitabu kitabaki mezani.

Somo hili nililisoma kwa gharama. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima usiku wa kuamkia uchaguzi, nilikuwa Masaka na ripoti ya kumaliza. Dondoo zangu za miezi minane zilikuwa ndani ya programu ambayo sitaitaja jina, iliyohifadhi kila kitu kwenye seva zake huko ng'ambo. Nikiifungua inanionyesha orodha ya vichwa vya dondoo, vyote, vimepangwa vizuri kwa tarehe. Nikigusa kimoja, kiduara kinazunguka. Siku karibu tano nilikaa nikisoma vichwa vya mambo niliyoyaandika kwa mkono wangu, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake akichungulia dirishani. Ripoti niliiandika kwa kukumbuka, na ilionekana.

Wala hatuhitaji kungoja uchaguzi. Wewe uko Arua, unajua siku mtandao unapoamua kupumzika. Na bando si maji ya mvua: tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii tuliyoanza kuilipa mwaka 2018. Programu inayovuta kila ukurasa kutoka ng'ambo kila unapoufungua inakula pesa ambayo ungempigia simu mzee wako nyumbani.

Sasa hizo nyingine ulizozitaja. Evernote ilianza mwaka 2008, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa kimbilio la watu wenye makaratasi mengi kama wewe. Novemba 2022 ikatangazwa kwamba inanunuliwa na Bending Spoons ya Italia, na mwishoni mwa 2023 akaunti za bure zikawekewa kikomo: dondoo 50 na daftari moja. Dondoo 50, Mwalimu! Daftari lako la kwanza peke yake lina zaidi ya hizo. Kama akaunti yako ya zamani bado ipo, ingia uzitoe zilizomo. Obsidian ina programu jalizi, yaani kijiprogramu cha kuongezea, ya kuingizia dondoo, iliyotengenezwa na wenyewe, inayopokea faili za Evernote, Notion, OneNote na hata Google Keep.

Notion ni nzuri kwa kazi ya watu wengi. Ratiba ya idara, orodha ya vitabu vya shule, jedwali la nani anasimamia mtihani lini: hapo sina la kuongeza, na mwenzako wa chuo pengine anaitumia hivyo. Miaka mingi haikuwa na maana yoyote bila mtandao; Agosti 2025 ikaongezewa uwezo wa kuweka kurasa zitumike nje ya mtandao, lakini makao ya kila kitu bado ni kwenye seva zao. Ukitaka kuhama inakupa faili za Markdown, ila kila jina la faili linatoka na mkia mrefu wa herufi na tarakimu, na viungo vinabaki vimefungamana na mikia hiyo. Nimewahi kumsaidia mtu kuisafisha mizigo ya namna hiyo. Ilituchukua Jumapili nzima na sufuria mbili za chai.

Kuna Joplin, ambayo ni huria, inakubali kulandanishwa kupitia Dropbox au OneDrive, na hufunga dondoo kwa ufunguo ukitaka. Ningekushauri hiyo kama wasiwasi wako mkubwa ungekuwa ni simu na kompyuta kwenda pamoja bila malipo. Lakini dondoo zake hukaa ndani ya hifadhidata, na kiungo chake huandikwa kwa namba ndefu ya kitambulisho, si kwa jina la dondoo, kwa hiyo mkono unasita kila ukitaka kuunganisha. Logseq nayo ni huria na ina wapenzi wake, hasa wanaofikiri kwa vidokezo vifupi vifupi. Kwa sasa watengenezaji wake wako katikati ya kuihamisha kutoka kwenye faili kwenda kwenye hifadhidata, na mimi simwingizi mgeni kwenye nyumba inayoezuliwa paa. Roam, iliyouvumisha mnamo 2020 mtindo wa viungo vya pande mbili nitakaoueleza mbele, inatoza dola 15 kwa mwezi. Habari yake tumeimaliza.

Obsidian hailipishwi. Tangu Februari 2025 hata ukiitumia kazini hudaiwi leseni. Wanachouza ni huduma za pembeni, na nitaigusa moja baadaye.

Nije kwenye jambo ambalo wanaosifia programu hizi hawaligusi, kwa kuwa wengi wao hawaandiki Kiswahili. Lugha yetu hubadilika mwanzoni mwa neno. Mwingereza wingi wake uko mkiani: akitafuta mwanzo wa neno, umoja na wingi vinamjia pamoja. Sisi tuna mkubwa, wakubwa, kikubwa, ukubwa. Tuna alimpiga, hupigwa, wapiganaji. Programu nyingi za kutafuta zimejengwa kulinganisha mwanzo wa neno. Evernote ni mfano: kinyota cha kutafutia kinakubalika mwishoni mwa neno tu. Kwa mtu anayechunguza Kiswahili hilo si dosari ndogo, maana utatafuta "kubwa" na dondoo yenye "wakubwa wa kambi" haitajitokeza, nawe utadhani hukuiandika.

Obsidian hutafuta herufi popote zilipo ndani ya neno. Andika shina tupu, "pig", uletewe alimpiga, hupigwa, wapiganaji, pamoja na makapi machache ambayo jicho litayaruka. Kabla hujaamini programu yoyote, hata hii ninayokusifia, fanya jaribio la dakika mbili: andika dondoo moja yenye "walimwandikisha jeshini", ifunge, kisha tafuta "andik" na "jeshi". Kama haikuona, ondoka.

Tabia hiyohiyo ya lugha inaingia kwenye viungo. Katika Obsidian, kiungo hutengenezwa kwa kuzungushia jina la dondoo mabano mawili ya mraba kila upande: [[Wanubi]], tuseme, ile jamii ya Uganda iliyotokana na askari wa Kisudani. Lakini sentensi zetu hazitaki kila mara umbo lile la jina. Unataka kuandika "mama huyu ni Mnubi", au "alizungumza Kinubi", na vyote viende kwenye dondoo moja. Hapo unatia mstari wima: [[Wanubi|Mnubi]]. Kushoto ni jina la dondoo, kulia ni umbo linaloonekana kwenye sentensi. Unaweza pia kuipa dondoo majina mengine juu kabisa ya ukurasa, ukaandika Mnubi na Kinubi kama lakabu zake, na programu itakupendekezea yenyewe ukianza kuandika. Jambo dogo, lakini bila hilo viungo vyako vitakuwa vya kulazimisha, na mtu akilazimishwa kila sentensi huacha kuunganisha baada ya wiki mbili.

Halafu zima kikagua tahajia. Kitakuchorea mstari mwekundu chini ya kila neno kama mwalimu mkuu mwenye hasira. Kwenye simu, kibodi ya Gboard inacho Kiswahili. Kiongeze, la sivyo dondoo zako zitajaa maneno ambayo hukuyasema.

Umesema hutaki kurundika. Basi hapa ndipo programu inapomaliza kazi yake na yako kuanza. Kiungo peke yake hakiunganishi chochote. Nimeona madaftari ya kompyuta yenye viungo elfu mbili ambayo mwenyewe hawezi kukuambia hata kimoja kiliwekwa kwa nini. Mzee wa mambo haya ni Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1998, aliyeacha vikaratasi kama 90,000 ndani ya makabati ya mbao, kila kimoja na namba yake, na namba za vingine vinavyohusiana nacho. Hakuwa na kompyuta. Alichokuwa nacho ni desturi ya kuandika wazo kwa sentensi zake mwenyewe na kujiuliza, kabla ya kukiweka kikaratasi kabatini, kinajibizana na kipi kati ya vilivyotangulia.

Tuchukue kitu cha kwako. Neno "afande". Hii hapa dondoo ya kubuni, lakini ingeweza kuwa yako (S3 na S7 ni namba za wasemaji, D4/17 ni daftari la nne, ukurasa wa 17):

"Afande limevuka lango la kambi. Muuza ndizi S3 anamwita askari wa jiji 'afande', japo huyo si mwanajeshi wala polisi. Anasema marehemu baba yake alikuwa jeshini na nyumbani waliita hivyo kila mwenye sare. Asili ya neno ni efendi la Kituruki, lililokuja na jeshi la Misri. Angalia [[Wanubi]], walioandikishwa na Lugard, afisa Mwingereza, mwaka 1891. Lakini [[S7 hasemi afande]]: yeye anasema 'bosi', na baba yake alikuwa mkulima. Je, tofauti ni jeshi katika ukoo, au ni umri tu? S3 ana miaka sitini, S7 ishirini na minne. D4/17."

Itazame vizuri. Kwanza, kichwa chake ni sentensi inayodai jambo: "Afande limevuka lango la kambi". Ungeiita "Afande" tu, ingekuwa kopo la kutupia kila kitu kinachohusu neno hilo, na baada ya mwezi ungekuta kurasa nne zisizo na kichwa wala miguu. Kichwa kinachodai jambo kinaweza kubishiwa. Ukija kupata ushahidi kwamba neno hilo halikupitia kambini bali lilikuja na makarani au wafanyabiashara, utajua dondoo ipi imeumia.

Pili, kila kiungo kimebebwa na sentensi inayosema kwa nini kipo. "Angalia Wanubi" kwa sababu ya njia ya neno. "Lakini S7" kwa sababu anapinga. Hilo "lakini" ndilo kiungo chenyewe. Mabano ni njia ya kufikia tu. Ukifungua dondoo ya S7, kwenye paneli ya pembeni Obsidian itakuonyesha, bila wewe kufanya lolote, kwamba dondoo ya afande inamtaja. Hivyo ndivyo viungo vya pande mbili vinavyofanya kazi: uliunganisha mara moja kutoka upande mmoja, na upande wa pili unajua.

Tatu, kuna swali ambalo halijajibiwa. Dondoo zenye maswali ndizo zitakazokurudisha sokoni ukiwa na jambo la kuuliza.

Miezi sita ikipita ndipo utaona faida. Utakuwa na dondoo nyingine kuhusu Gavana Gowers, aliyependekeza mwaka 1927 Kiswahili kikuzwe katika shule na utawala wa Uganda, na nyingine kuhusu Kabaka Daudi Chwa aliyepinga kisiingizwe Buganda kuwa lugha rasmi. Utakuwa na ya amri ya Idi Amin ya 1973 iliyokifanya lugha ya taifa, naye mwenyewe alikuwa amepewa cheo cha effendi katika King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1959. Unaona? Cheo kile na neno lile la muuza ndizi ni kitu kimoja. Katika madaftari yako vitu hivyo viwili huenda viko daftari la pili na la tano, vimeandikwa kwa kalamu tofauti, wala havitakutana. Sura yako ya historia, mpaka kwenye marekebisho ya katiba ya 2005 yaliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022, inaweza kuandikwa kwa kufuata nyuzi hizo kutoka chini, sokoni, badala ya kuanza na matamko ya wakubwa kama tasnifu nyingine zote.

Obsidian ina picha ya nukta na mistari inayoonyesha dondoo zako zote na viungo vyake. Inapendeza, watu huipiga picha wakaweka kwenye hali zao. Mimi huifungua labda mara mbili kwa mwaka.

Folda usizidishe tatu. Mimi ningeweka moja ya dondoo zako, moja ya vyanzo, yaani kitabu kimoja au mahojiano mamoja kwa kila faili, na moja ya takataka zinazongoja kusomwa. Usipange kwa mada; mada zitajitengeneza kwa viungo, na mada ulizo nazo leo hazitakuwa hizo mwakani. Kwa orodha ya marejeo usitumie Obsidian kabisa. Tumia Zotero, ni ya bure, imekuwepo tangu 2006, na itakupangia marejeo ndani ya Word kwa mtindo atakaoutaka msimamizi wako. Msimamizi hajali ulitumia programu gani, anataka Word yenye kurasa na tarehe ya kuiwasilisha.

Kuhusu mashine yako. Gigabaiti 4 zitatosha ikiwa huna madirisha ishirini ya kisakuzi yaliyofunguliwa pembeni. Usiweke programu jalizi mwezi wa kwanza, hata moja, ukiacha ile ya kuingizia. Nafasi isikutie wasiwasi: dondoo ya maneno mia tatu ni kama kilobaiti 2, kwa hiyo dondoo 10,000 ni kama megabaiti 20 tu. Kinachojaza diski ni sauti na picha. Rekodi za mahojiano ziweke kwenye folda nyingine nje ya Obsidian, kila faili na tarehe na namba ya msemaji, na kwenye dondoo uandike tu dakika ya ngapi.

Namba ya msemaji, nasisitiza. S3, S7. Majina yao halisi yabaki kwenye karatasi moja ndani ya kabati lenye kufuli. Una sheria ya ulinzi wa data ya 2019 juu ya kichwa chako, na zaidi ya sheria una watu waliokuamini wakakusimulia habari za kambi. Simu ikichukuliwa kwenye stendi, mwizi akute muuza ndizi S3.

Simu sasa. Kulandanisha, yaani simu na kompyuta ziwe na kitu kilekile, ndiko kunakowatoa watu jasho. Usijaribu kupitia Google Drive ya kwenye simu. Haiweki folda nzima ikae ndani ya simu jinsi Obsidian inavyotaka. Njia ya kulipia ni huduma ya Obsidian yenyewe, dola 4 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, na data inafungwa kwa ufunguo ulio nao wewe. Njia ya bure ni Syncthing, programu huria inayofanya mashine mbili zizungumze moja kwa moja. Raha yake ni kwamba haihitaji intaneti: washa hotspoti ya simu bila data, unganisha kompyuta, na faili zinapita bila kugusa bando. Waliokuwa wakiitengeneza kwa Android waliiacha mwishoni mwa 2024, lakini wengine wameendeleza toleo liitwalo Syncthing-Fork. Tatizo lake ni ukihariri dondoo ileile pande zote mbili kabla hazijakutana: utapata nakala mbili zinazogombana, na kuziamua ni kazi yako.

Ushauri wangu kwako ni kwamba kwa sasa usilandanishe chochote. Najua si jibu la kisasa. Lakini wewe kazi yako iko sokoni, na ukitoa simu mbele ya muuza ndizi mazungumzo yanabadilika hapohapo. Anaanza kusema Kiswahili cha redio. Daftari la shule halimtishi mtu. Andika kwenye daftari, na jioni, au Jumamosi, kaa kwenye kompyuta ugeuze mambo matatu au manne ya wiki kuwa dondoo za kweli. Ule mwendo wa kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta ndio unaokulazimisha kufikiri. Ukikaa nao miezi mitatu na bado simu unaitaka, basi Syncthing.

Nakala za akiba si za kujadili. Kila Ijumaa nakili folda yote kwenye flashi, na kila mwisho wa mwezi ikunje iwe faili moja, uifunge kwa nywila, ujitumie kwa barua pepe. Flashi moja ikae nyumbani kwa ndugu, isikae kwenye mkoba uleule wenye kompyuta. Nimewahi kumwona mtafiti aliyekuwa na nakala tatu, zote ndani ya begi moja, na begi likabaki ndani ya teksi.

Lugha gani? Hukuliuliza, lakini wote huliuliza. Maneno ya msemaji yaandike kama alivyoyasema, kiwe Kinubi, Kilugbara au Kiswahili cha kuchanganya, na usiyasahihishe. Mawazo yako yaandike kwa lugha ambayo yamekujia. Zikichanganyika katika dondoo moja hakuna atakayekukamata.

Na huo mzigo ulio nao tayari. Za WhatsApp ni rahisi: fungua gumzo lako na wewe mwenyewe, chagua kuhamisha gumzo bila picha, utapata faili moja ya maandishi. Badilisha mkia wa jina lake kutoka .txt uwe .md, maana Obsidian haisomi .txt, kisha itupe kwenye folda ya zinazongoja. Usiikate vipande; utafutaji utaisoma, na ukikutana na ujumbe wenye uzito ndipo uutolee dondoo yake.

Madaftari usiyachape. Wengi huanzia hapo, wakachapa kurasa arobaini, wakachoka, na programu ikalaumiwa. Chukua kalamu nyekundu, yape madaftari namba D1 mpaka D6, na kila ukurasa uupe namba yake. Utatumia jioni mbili. Kisha yapitie ukiandika faili moja tu ya faharasa kwa kila daftari, mstari mmoja kwa kila ukurasa wenye kitu: "17: muuza ndizi, afande, baba mwanajeshi". Ukurasa usio na kitu uruke. Siku ukitafuta "afande" kwenye kompyuta, mstari huo utatokea, utanyoosha mkono rafuni uchukue D4, ufungue ukurasa wa 17, na mwandiko wako wa siku ile utakuwa pale pale pamoja na doa la mafuta ya chapati.